Kinini cha Wawili

Nyumbani kwetu Lweba hapakuwa na moja. Najua asiyekulia na mapacha atadhani natia chumvi. Lakini tangu mama alipojifungua wale wawili, mvulana na msichana, hesabu zote za nyumba zilianzia mbili. Ukimchomea mmoja kiazi, unachoma viwili. Ukimbeba mmoja mgongoni mpaka ziwani kuoga, unarudi kumchukua mwenzake, hata kama amekwisha kuoga, na mgongo ni wako. Mmoja akijikwaa akalia, wote wawili wanabembelezwa. Ilikuwa mwiko kumpa huyu na kumwacha yule, kumsifu huyu mbele ya yule, au kuwasimamisha pamoja uone nani mrefu. Watu wetu waliamini kwamba pacha aliyenyimwa hagombi. Hukasirika kimya kimya, akaenda zake, na kwenda zake maana yake ni kufa.

Askari wa sheria hiyo alikuwa bibi, mama yake baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita koko. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeteremka kutoka milima ya Fizi kuja kuolewa kando ya ziwa, na hakuwahi kukubali kwamba watu wa huku chini wanajua kitu. Alikuwa na vituko vyake, nami vilinikera tangu nikiwa mdogo. Ukimpakulia bukari, ule ugali wetu wa muhogo, alikula nusu. Nusu nyingine aliisogeza kwa kidole mpaka ukingoni mwa sahani, akaiacha hapo, mpaka kuku au mtoto aichukue. Tukasema ana tumbo dogo. Mwaka mmoja baba alimletea kitambaa kizuri cha kujifunga, chekundu chenye ndege. Siku hiyo hiyo akakikata katikati. Kipande kimoja akajifunga, kingine akakikunja na kukitia sandukuni. Hicho alichojifunga hakikutosha kuzunguka kiuno, kwa hiyo kila alipoinama ilibidi apeleke mkono nyuma kukishika. Mimi nilikuwa nikitazama kitambaa kizima kilivyoharibiwa, nasaga meno.

Mimi nilisoma Baraka, shule ya misheni. Siku za masomo nililala kwa mama mdogo, na kila Jumamosi nilirudi Lweba kwa miguu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo, na msichana aliyefika darasa la sita alikuwa anatazamwa kama mbuzi aliyepanda juu ya paa: watu hawakujua wamshangilie au wamteremshe. Mwaka ule mwalimu alitufundisha kanuni ya tatu, hesabu ya kutafuta namba ya nne ukipewa tatu. Akatuambia kwamba karibu kila swali la dunia lina njia moja. Mashati manne yanatumia mita kumi na mbili za kitambaa, mashati saba yatatumia ngapi? Usikimbilie saba. Tafuta ya moja kwanza. Shati moja linatumia mita tatu. Ukishaipata ya moja, zidisha unavyotaka. Kila alipotamka "moja" alipiga meza kwa fimbo, na mpaka leo nikisikia mlango umebamizwa natafuta ya moja.

Niliipenda kanuni ile kuliko kitu chochote. Nilimpelekea baba swali la wanaume sita waliochimba mfereji kwa siku nne; wakiwa kumi na wawili, watauchimba kwa siku ngapi? Baba alikuwa mvuvi, na wakati huo alikuwa anashona wavu uliochanika. Alifikiri kweli kweli, hata sindano ikasimama. Kisha akauliza, "Bale kumi na babili, bote ni ndugu?"

Nikamwambia kitabu hakisemi kama wale kumi na wawili ni ndugu.

"Basi siku munane," akasema. "Sita batachimba, sita batabishana nao."

Hao ndio watu niliokuwa naishi nao. Nilirudi jikoni nimenuna, na baba aliendelea kushona akiwa ameridhika na jibu lake.

Ndipo yule pacha wa kike akashikwa na homa. Walikuwa wamekaribia miaka mitatu, na yeye siku zote ndiye aliyekuwa mdogo wa mwili, ingawa mbele ya bibi hukuthubutu kusema hivyo. Katikati ya juma mama alimfunga mgongoni akaenda naye Baraka, zahanati. Mvulana akaachwa na bibi. Hilo peke yake lilikuwa kosa, kumpeleka mmoja na kumwacha mwenzake, na baadaye nilisikia kwamba bibi hakumsemesha mama mpaka kesho yake.

Walipotoka zahanati walipita kwa mama mdogo, nikawakuta huko nilipotoka shule. Muuguzi alikuwa amempima mtoto, kilo tisa, akatoa vidonge saba vya kinini, ile dawa chungu ya malaria. Kidonge kimoja kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, siku saba. Nilimuuliza mama imekuwaje vidonge saba, akasema muuguzi anatoa kidonge kimoja cha siku kwa kila kilo kumi. Basi kwa kilo tisa ni pungufu kidogo ya kimoja, na muuguzi hakutaka kuhangaika na makombo. Nilifurahi. Hapo palikuwa na ya moja, safi kabisa, na ilikuwa inakwenda kumponya mdogo wangu. Nikambusu mtoto kwenye paji la uso, likaniunguza mdomo.

Jumamosi nilipofika Lweba paji lile lilikuwa bado linaunguza. Mtoto alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka, na bibi alikuwa amekaa karibu naye na kisu kidogo. Mbele yake, juu ya kigae safi, palikuwa na nusu ya kidonge. Akaikata tena katikati. Robo moja akaiponda kwenye kijiko cha maji akamnywesha mgonjwa. Kisha akamwita yule wa kiume, aliyekuwa uani anafukuza kuku akiwa na afya ya ng'ombe, akambana pua, akamnywesha robo ya pili.

"Koko, unafanya nini?"

"Nagawa dawa."

"Ile dawa ni ya mugonjwa."

"Na ule mwengine, utamwambia nini?"

"Ule hana homa."

"Sababu anakunywa dawa," bibi akasema. "Njo maana hana homa."

Sijui wengine hufanya nini wakijibiwa namna hiyo. Mimi nilichukua kaa la moto lililozimika, nikachora sakafuni. Nikaandika kilo kumi, kidonge kimoja. Nikaandika kilo tisa. Nikamwonyesha kwamba mtoto akipata nusu ya dawa yake, anapata dawa ya mtoto wa kilo tano, na mtoto wa kilo tano ni wa kunyonya bado, hajui hata kukaa. Homa ya mtoto wa miaka mitatu haiwezi kutoka kwa dawa ya mtoto wa kunyonya. Nilieleza polepole, nikarudia, nikapigia mistari. Bibi alitazama sakafu yote kwa makini, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekagua shamba. Kisha akauliza, "Na ule wa kiume, umemuandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika popote. Hakuwa sehemu ya swali. Lakini ukijaribu kumweleza hivyo mtu ambaye kwake mmoja hayupo bila mwenzake, ni kutwanga maji.

Nilimfuata mama uani. Alikuwa anapepeta unga, na hakuinua kichwa. "Mi nilishaongea nikachoka," akasema. "Ye njo mama wa baba yako. Unataka nimushike mikono?" Nikaenda kwa baba. Baba alikuwa na kipaji kimoja kikubwa: ugomvi ukianza ndani, alikumbuka wavu. Alisimama, akasema kuna kamba inabidi aitazame kabla jua halijazama, akateremka ziwani. Hata hakuwa na haraka.

Jumatatu nililipeleka jambo hilo kwa mwalimu. Nilikuwa nimemweka mtu yule juu sana, nikaamini atakuja Lweba na fimbo yake apige meza mbele ya bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yakang'aa. Akageukia ubao akaandika: Mtoto mwenye kilo tisa amepewa vidonge saba kwa siku saba. Bibi yake anampa nduguye nusu. Je, mgonjwa amepata kidonge kiasi gani kwa siku, na amepungukiwa kiasi gani? Darasa zima likainama likaandika. Karibu wote wakapata. Aliyekosa alichapwa. Mwalimu akanisifu kwa kuleta swali zuri kutoka maishani, na dada yangu akaendelea kuungua Lweba na jibu sahihi limeandikwa kwenye madaftari yote.

Jumamosi iliyofuata vidonge vilikuwa vimekwisha. Homa haikuwa imekwisha. Mtoto hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu juma lililopita angalau alikuwa na nguvu ya kulia. Nilipomwinua, kichwa kilianguka begani kwangu. Macho yalikuwa meupe, na viganja vilikuwa vimepauka kama unga. Yule wa kiume alikuwa amekaa karibu naye anamwekea kiazi mdomoni, na kiazi kilikuwa kinaanguka, anakiokota, anakirudisha.

Nilimgeukia bibi nikasema neno ambalo katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Nikasema, "Koko, unamuua."

Uani mama akaacha kupepeta unga. Baba, aliyekuwa mlangoni, safari hii hakukumbuka wavu. Nilidhani bibi atanipiga, na ningemwacha anipige. Badala yake aliketi chini, akavuta kile kitambaa chake kifupi kufunika magoti.

"Mi nilizaliwa na mwenzangu," akasema. "Tulikuwa babili, tumbo moja. Bamama balituvalisha sawa, batu balikuwa habajui nani ni nani. Siku moja nikashikwa na homa. Bakanitafutia dawa ya mizizi, bakanipa mi peke. Ye alikuwa muzima, anacheza uko nje. Bakasema, ule hana kitu, mumuache. Mi nikapona. Ye akalala siku mbili, akaenda."

Akaelekeza kidole sakafuni, pale nilipokuwa nimechora.

"Sasa we uko na masomo," akaniambia. "Andika ile. Andika na kaa yako, tuone itatoa ngapi."

Niliona aibu, na nilimwonea huruma. Lakini hasira haikutoka, kwa sababu mtoto alikuwa bado begani kwangu na kichwa chake hakina shingo. Hata ilizidi. Mtu anayekosea kwa ujinga unaweza kumkasirikia ukapumua. Huyu alikuwa amenifungia hata mlango huo.

Baba ndiye aliyesema mtoto arudishwe Baraka, mara tu zahanati itakapofunguliwa. Bibi akasema vizuri, lakini safari hii wanakwenda wote wawili, na yeye mwenyewe anakwenda nao, maana kilichoharibika mara ya kwanza ni kwamba mmoja aliachwa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Tukaondoka asubuhi ya Jumatatu, mama, bibi, mimi na mapacha.

Sitaisahau safari ile. Mama alimbeba mgonjwa, mimi nikambeba mzima, ambaye alikuwa mzito na anapiga teke. Tulipofika kijito cha kwanza bibi akatusimamisha. Haiwezekani mmoja abebwe na mama njia nzima na mwingine abebwe na dada. Wabadilishwe. Tukafungua vitambaa, tukabadilisha, tukafunga. Kijito cha pili, vilevile. Kila tukifika mtoni watoto wanafunguliwa na kufungwa, na jua linapanda, na wanawake waendao sokoni wanatupita na vikapu vyao, na ninahesabu kichwani kwamba kila kituo kinatupotezea muda wa kutosha kufika kwenye kile kilima cha mbele. Niliposema hivyo, bibi alijibu kwamba kilima hakiendi popote.

Zahanati ilikuwa imejaa. Muuguzi alikuwa kijana mwenye koti jeupe lililopauka na macho ya mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri. Mizani yake ilikuwa ya kuning'inia, ina kikapu chini, kama ile ya kupimia samaki. Tulipofikiwa alimtambua mama, akamtazama mtoto, akakunja uso.

"Uyu nilimupa kinini. Munamupa namna gani?"

Mama akatazama chini. Mimi nilifungua mdomo, lakini bibi alikuwa amekwisha kumweka mgonjwa kikapuni. Na kabla mtu hajajua, akamweka na yule mzima juu yake. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye ishirini. Mzima akaanza kupiga kelele, kikapu kinazunguka.

"Koko, toa ule mwenye nguvu," muuguzi akasema. "Mugonjwa njo anapimwa."

"Mapacha habapimwake moja-moja."

"Nani mugonjwa?"

"Bote."

"Ule haumwi. Anapiga teke mizani yangu."

"We umepima mara ya kwanza moja," bibi akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Alipona?"

Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Muuguzi akajaribu kumtoa mvulana, mvulana akashika kamba za mizani, bibi akashika mvulana. Mimi nilikuwa nimesimama nimejishika kichwa, natamani ardhi inimeze, na nilikuwa natazama ule mshale. Ishirini. Kilo kumi, kidonge kimoja. Kilo ishirini, viwili kwa siku. Bibi atavigawa sawa kwa sawa, hata uje na jeshi. Viwili kwa wawili, kila mmoja kimoja. Na kimoja kwa siku ndicho muuguzi alichotaka dada yangu apate tangu mwanzo.

Nikapita katikati yao nikamwambia muuguzi aache wote kikapuni, atoe dawa ya kilo ishirini.

"Ya mutoto gani? Sina mutoto wa kilo makumi mbili hapa."

"Ya ile kikapu," nikasema.

Akanikata jicho. Akasema dawa imekuja ya wagonjwa, hawezi kumpa mtoto mzima kinini ili bibi yake alale vizuri. Nikamwambia alikwisha kumpa. Katika vile vidonge saba vya kwanza, mtoto mzima alikunywa vitatu na nusu, na vitatu na nusu vya mgonjwa havikufaa kitu, kwa hiyo saba vyote vimepotea. Akitoa saba leo, vitapotea. Juma lijalo tutarudi kuchukua saba vingine, kama kuna mtoto wa kurudishwa. Lakini akitoa kumi na vinne leo, dada yangu atapata saba vyake kamili. Nilisema yote hayo kwa haraka na kwa sauti ya juu, na mwishoni nilikuwa nalia, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Muuguzi akamgeukia bibi. "Koko, nikikupa saba, utampa uyu mugonjwa zote?"

"Nitampa yake," bibi akasema.

Mama mmoja kwenye benchi akasema, "Munganga, bape bakunywe, na sisi tuko bagonjwa."

Muuguzi alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akaandika kitu, akasema kwa uchovu, "Mutoto moja, kilo makumi mbili, vichwa viwili, miguu mine." Akafungua chupa, akahesabu kumi na vinne.

Nikamuuliza pembeni kama ile kilo moja itamdhuru, kwa sababu dada yangu ni wa kilo tisa na atakunywa dawa ya kilo kumi, na kaka yake ni wa kilo kumi na moja na atakunywa ya kilo kumi. Alisema haitamfanya kitu, ndicho kipimo kile kile alichokuwa amempa, niende zangu. Nikaenda zangu. Njiani nilirudia hesabu ile tena na tena nikitafuta kosa, maana iliniuma kwamba ukaidi wa bibi umeingia kwenye kanuni ya tatu ukakaa sawasawa.

Niliomba ruhusa shuleni nikabaki nyumbani juma lile. Asubuhi na jioni bibi alikata kidonge kimoja katikati, nusu huku, nusu huku. Dada alimeza bila kukunja uso, na ningependa angekunja. Kaka alipigana kama mtu anayeuawa. Alitema kinini kwenye nguo ya mama, kwenye moto, kwenye sikio langu. Namshukuru Mungu kwamba bibi hakudai na mwenzake ateme. Siku ya tatu jasho likamtoka dada, mkeka ukalowa. Siku ya tano akakaa mwenyewe. Siku kinini kilipokwisha alitaka kiazi cha kuchoma, kwa sauti ndogo yenye kukwaruza. Nikachoma viwili, nikawapa, nikaenda nyuma ya nyumba kujificha.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini kabla mvua za mwaka ule hazijakwisha, bibi mwenyewe akaanguka. Homa ileile. Baba alimwendea muuguzi, akapewa dawa ya mtu mzima, vidonge vitatu kwa siku, vizima, siku saba. Nilisikia nikiwa Baraka, sikuhangaika sana. Bibi hakuwa pacha mdogo wa kugawiwa na mtu. Vyote vitatu vingeingia tumboni mwake.

Jumamosi nilimkuta amelala kwa ubavu, amepungua, mkono wake umekuwa kama ufito. Mama akaninong'oneza kwamba anakunywa dawa kila siku na homa haishuki. Ilikuwa saa ya dawa. Bibi alijiinua kwa kiwiko, akachukua kidonge, akakitia kati ya meno akakivunja. Nusu akaimeza. Kando ya mkeka palikuwa pametandikwa kile kipande cha kitambaa kilichokaa sandukuni miaka yote, chekundu chenye ndege, rangi bado mpya. Juu yake palikuwa na nusu za vidonge, zimepangwa kwa mstari. Akaiweka ile nusu nyingine mwisho wa mstari.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Maneno yote ya zamani yalikuwa tayari, nusu ya dawa, mtoto wa kunyonya, kaa na sakafu.

"Koko, hizi ni za nani?"

"Zake," akasema.

Nikaketi. Nikaona zile nusu za bukari ukingoni mwa sahani, miaka na miaka, tukisema ana tumbo dogo. Niliona kitambaa kisichotosha kuzunguka kiuno. Mwanamke yule alikuwa ameishi maisha yake yote kwa nusu, na katika nyumba nzima iliyojua kuhesabu mapacha, hakuna aliyemhesabu yeye. Nilitaka kumkasirikia, kwa sababu alikuwa anakufa mbele yangu kwa upumbavu uleule, na hasira ilikuja, lakini ilikuja pamoja na kilio, nikashindwa kuvitenganisha.

Sikubishana naye. Jumatatu, kabla hakujapambazuka, niliondoka kwenda Baraka, na nilimngoja muuguzi mlangoni pa zahanati mpaka alipofungua. Akanitambua, akafumba macho kidogo.

"Nani leo?"

"Koko."

"Ule wa mapacha? Nilimupa baba yako ya siku saba."

"Ulimupa ya muntu moja," nikasema. "Koko ni pacha."

Alisogea mpaka mlangoni akatazama nje, kwenye benchi ambako hapakuwa na mtu bado. "Na mwenzake iko wapi?"

"Iko nyumbani, naye."

Alinitazama mpaka akaelewa, au akachoka, sikujua. Kisha akashusha chupa, akahesabu vidonge ishirini na kimoja, akavifunga kwenye karatasi. Akahesabu ishirini na kimoja vingine, akavifunga peke yake.

Jioni ile, niliporudi Lweba, nilimwekea bibi kidonge kizima kwenye kiganja, na kizima kingine juu ya kitambaa. Alivitazama vyote viwili kwa muda, kimoja kimoja. Hakuvunja. Akameza chake. Nami nilikuwa nimeleta vikombe viwili vya maji.